Mkono wa roboti unaohitaji mikono mingine miwili

BARUA YA WAZI

Kwa:
Mkurugenzi wa mradi wa kifaa cha roboti cha kuvaliwa mkononi,
Wafadhili wa mradi huo,
Mwenyekiti wa kamati ya maadili iliyoupitisha.

YAH: MALALAMIKO YA FAMILIA YA MSHIRIKI WA JARIBIO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa mmoja wa wagonjwa wa kiharusi walioshiriki jaribio lenu la wiki 12. Kwenye makaratasi yenu baba yangu ni namba. Mimi simo kabisa, na huko kutokuwemo kwangu ndiko kunakonifanya niandike.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza nilimkabidhi mratibu mkononi, wiki moja baada ya kifaa kuchukuliwa. Aliipokea kwa adabu, akaahidi kuifikisha. Ya pili nilimwandikia mkurugenzi, nikajibiwa na kompyuta kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Ya tatu niliipeleka kwa kamati ya maadili na kusubiri miezi miwili. Nimebisha hodi mara tatu kwa sauti ya chini. Sasa naita nikiwa nje, na majirani wasikie.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Sina ugomvi na roboti. Kiharusi kilimpiga baba upande wa kushoto wa ubongo. Maneno yalirudi baada ya wiki kadhaa, mguu ukarudi kiasi cha kutembelea fimbo, lakini mkono wa kulia ukabaki umejikunja kifuani kama mtoto anayelala. Baba ni fundi cherehani. Mkono huo ndio uliotulea.

Naelewa pia kwa nini mnatengeneza mnachotengeneza. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia, na kurudiarudia ndiko wagonjwa wanakokosa. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu ya vipindi 312 vya tiba ya kiharusi katika vituo 7 vya Marekani na Kanada: mgonjwa aliyefanyishwa kazi ya mkono alirudia tendo lenye maana wastani wa mara 32 kwa kipindi. Wanyama wa maabara waliowafundisha wanasayansi jinsi ubongo unavyojipanga upya walirudia mara mamia kwa siku. Mtaalamu wa fiziotherapia ana mikono miwili, ana wagonjwa wengine wanaosubiri, na mgongo wake unachoka. Mota haichoki. Hesabu hiyo naikubali, na ndiyo iliyotufanya tutie sahihi.

Naomba sasa niwaeleze hesabu ambayo ninyi hamkuifanya.

1. Mvalishaji hamkumhesabu

Kifaa chenu mnakiita cha kuvaliwa. Kiswahili kina kuvaa, na kina kuvalishwa. Kifaa chenu ni cha kuvalishwa, na anayevalisha ni mimi.

Glovu ile inataka vidole vilivyonyooka. Vidole vya baba havijanyooka vyenyewe tangu siku ile: misuli ya kufumba imekakamaa, na ukivivuta kwa haraka ndiyo kwanza vinafumba zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha mbinu. Kunja kifundo cha mkono kuelekea kiganjani, vidole vitalegea. Toa gumba kwanza. Subiri. Ingiza kidole kimoja kimoja, na uwe macho na kidole cha mwisho, maana hupenda kuingia nyumba ya jirani yake. Kisha nyoosha kifundo. Hapo vidole vinafumba tena ndani ya glovu, nawe unaanza upya.

Baada ya glovu kuna mkono wa kitambaa unaopanda hadi begani, mikanda mitano ya kunasa, vihisi viwili vya kubandika kwenye ngozi safi na kavu, pale pale palipobandikwa jana, halafu kisanduku cha mota kiunoni. Siku ya kwanza ilinichukua dakika 25. Kufikia wiki ya mwisho nilikuwa nimefika dakika 12, na nilijiona bingwa.

Daftari mlilotupa lilikuwa na safu ya muda wa mazoezi, ukianza kuhesabiwa kifaa kikiwashwa. Dakika za kuvalisha hazikuwa na safu. Niliziandika pembeni kwa penseli. Kwa vipindi 60 vya dakika 45, baba alifanya mazoezi saa 45. Kuvalisha na kuvua kulichukua saa 19 na dakika 40. Penseli hiyo sidhani kama kuna mtu aliyeisoma.

Wiki ya saba nilipata udhuru siku mbili. Safu yenu inaonyesha kwamba mshiriki hakufanya mazoezi. Siku hizo mshiriki alikuwa amekaa tayari saa nne asubuhi, glovu ameishika kwa mkono wa kushoto, anaitazama. Aliyekosekana hakuwa yeye. Ninyi mtaandika kwamba ufuasi wa ratiba ulishuka, na msomaji wa ripoti atadhani mzee alichoka kupona.

Kinachonishangaza ni kwamba mlikwishapima kila kitu kingine: nguvu ya mota, kasi ya kidole, maisha ya betri. Swali la kama mtu mwenye mkono mmoja anaweza kukivaa kifaa cha mtu mwenye mkono mmoja halikuwa na kipimo. Glovu inaweza kufunguka upande mzima kwa zipu. Kidole kinaweza kushikwa kwa mgongoni tu, bila kuingizwa kwenye mfuko. Mkanda unaweza kuwa na pete ya kuvutwa kwa meno. Hayo si mambo ya uhandisi wa hali ya juu. Baba mwenyewe, kama fundi, aliwachorea zipu hiyo kwa mkono wa kushoto nyuma ya fomu ya tathmini ya wiki ya nne. Fomu mliichukua.

2. Kifaa kilizoea mikono mizima

Kijana mmoja wa timu yenu, mtu mwema sana, aliniambia kwamba kwa muda mrefu walikuwa wakikijaribu kwa kujivika wenyewe. Nilimwelewa, kwa kuwa ndiye mtu wa karibu zaidi. Ila mkono wa mhandisi unatii. Unajua kulegea ukiambiwa ulegee.

Wa baba hautii. Vihisi vya kwenye kigasha vinasoma ishara za umeme wa misuli ili kifaa kijue anataka kufungua au kufumba. Asubuhi kilimsoma vizuri. Akichoka, akijaribu kufungua, misuli ya kufumba nayo inawaka pamoja na ya kufungua, tena kwa nguvu zaidi, na kifaa kinatii kelele kubwa: kinafumba. Mzee anasukuma kufungua, mashine inamfumba, anasukuma zaidi, nayo inazidi kumbana. Niliona machozi mara mbili. Jambo hili la misuli pinzani kuwaka pamoja ni la kawaida mno kwa mkono uliopigwa na kiharusi. Wataalamu wote wanalijua. Lilikuwaje geni kwa programu yenu?

Kuna na bega. Misuli inayolishikilia hulegea baada ya kiharusi, na kichwa cha mfupa hushuka kidogo kutoka kwenye kikombe chake, hivyo uzito wowote unaoning'inizwa chini unakivuta zaidi. Mmefanya vyema kuweka mota kiunoni, hilo nawashukuru. Lakini bega si bawaba ya mlango. Mkono ukiinuka, kitovu cha mzunguko wake kinasogea, na kiunzi kisichosogea nacho kinaanza kuvutana na mwili. Anayelipa mvutano huo ni ngozi.

Baba hana hisia kamili upande wa kidole kidogo. Wiki ya tano nilikuta alama nyekundu chini ya mkanda wa kifundo, haikufutika hata baada ya nusu saa. Nilipiga simu. Nikaambiwa rekodi zinaonyesha mshiriki hajaripoti maumivu. Ni kweli, hajaripoti. Asiyehisi ataripoti nini? Tangu siku hiyo nilikagua ngozi kila baada ya kumvua, kwa tochi, bila mtu kunielekeza. Kwenye mwongozo wenu wa kurasa nyingi, ngozi imetajwa mara moja tu, kwenye sehemu ya usafi wa kitambaa.

3. Mnapima vibao, nyumbani kuna vifungo

Mlimpima baba mwanzoni, katikati na mwishoni. Alihamisha vibao vya mbao, akainua mkono, akajaribu kugusa pua. Natambua vipimo hivyo vina historia. Kile cha Fugl-Meyer, chenye alama 66 kwa mkono, kinatoka Sweden mwaka 1975, na bila kipimo cha pamoja hakuna wa kulinganisha matokeo na mwenzake. Sipingi vibao. Napinga vibao peke yake.

Mwaka 2014 majibu ya roboti iitwayo ARMin, kiunzi cha mkono mzima kilichobuniwa Zürich, yalichapishwa baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 77. Waliotumia roboti waliwazidi wenzao wa tiba ya kawaida kwa alama 0.78 kati ya 66. Kitakwimu, tofauti ipo. Nawaomba mniambie alama 0.78 inafunga kifungo gani.

Baba hakuwahi kuota kushona kwa mkono wa kulia tena. Ni mtu anayejua kupima kitambaa alichonacho. Alichotaka ni mkono mbaya ushike tu, ubane nguo mezani, wakati mzuri unakata na kuongoza sindano. Wengi wenye kiharusi wanaomba hilo hilo: mkono wa kusaidia, ubane chupa wakati mwingine unafungua, ushike karatasi isiteleze. Kushika ni kazi tofauti na kuhamisha kibao, na pengine ni rahisi zaidi kwa roboti. Hakuna aliyemuuliza. Swali la mgonjwa anachotaka kufanya kwa mkono huu halikuwamo kwenye fomu ya kwanza wala ya mwisho.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kwenye kifungu cha 4 unazitaka nchi kufanya na kuhimiza utafiti wa teknolojia mpya za kusaidia, zile za gharama nafuu zipewe kipaumbele, na kifungu hicho hicho kinataka wenye ulemavu washauriwe katika maamuzi yanayowahusu. Mtaniambia mkataba unazifunga serikali. Sawa, na sehemu ya fedha zenu imetoka kwa nani?

4. Kifaa mlikichukua Jumatatu

Wiki ya tisa, nje ya ratiba, baba aliniomba nimvalishe jioni. Akaenda mezani. Akafungua vidole vya glovu, akaweka ukingo wa shuka ndani, akafumba. Kwa kushoto akaendesha cherehani. Pindo lilikwenda mrama, na nyuzi zilijikunja mahali pawili. Aliligeuza, akalitazama, akasema, "Ningemlipisha nani kwa kazi hii?" Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali.

Tendo hilo halimo kwenye data yenu kwa sababu halikuwa zoezi lililoidhinishwa. Nilipomsimulia mratibu, alinionya kwa upole kwamba kifaa kitumike kama ilivyoelekezwa.

Wiki ya 12 ikaisha Ijumaa. Jumatatu wakaja vijana wawili na sanduku. Walisaini, tukasaini. Baba aliuliza kama atapata kingine. Mmoja akasema hiyo ni ya ngazi za juu. Ilikuwa kweli.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba tangu 1964, lina kipengele kuhusu hali ya mshiriki jaribio likiisha. Toleo la 2013, kifungu cha 34, linasema kabla ya jaribio kuanza, wadhamini, watafiti na serikali wapange jinsi washiriki watakavyoendelea kupata tiba iliyoonekana na manufaa ikiwa bado wanaihitaji, na kwamba washiriki waambiwe habari hiyo wakati wa kuomba ridhaa. Fomu yetu ya ridhaa ilikuwa na sentensi moja: kifaa ni mali ya mradi na kitarejeshwa. Hatukuambiwa kitakachofuata kwa mkono utakaokuwa umeanza kufunguka. Mwenyekiti wa kamati ya maadili, sentensi hiyo ilipita mikononi mwenu.

Jambo la vifaa kuachana na miili iliyovizoea si la kwetu tu. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliacha kutengeneza vipandikizi vyake vya macho, na vipofu zaidi ya 350 waliokuwa wamepandikizwa wakabaki na mashine isiyo na fundi. Sisi angalau hatuna kitu ndani ya mwili. Lakini kile cha baba kilikuwa kimeanza kuhesabika kama sehemu ya mkono wake. Usiku wa Jumatatu ile alilala akiwa ameshika kigasha chake cha kulia kwa kiganja cha kushoto, mahali palipokuwa na mkanda.

5. Takwimu zake ziko wapi?

Kifaa kilirekodi kila alichofanya: pembe za viwiko, nguvu za vidole, ishara za misuli, saa 45 zote. Nimeomba nakala mara tatu ili mtaalamu wake wa fiziotherapia aone mkono ulikuwa unachoka wapi. Sijaomba siri ya mtu mwingine. Naomba za mwili wa baba yangu.

Najua mtakachosema

Mtasema kifaa ni cha mfano tu, si bidhaa, na si salama kukiacha nyumbani bila uangalizi. Kilikaa nyumbani wiki 12. Uangalizi ulikuwa mimi na tochi.

Mtasema ushahidi bado. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hoja hii ni ya kweli, na ningependa tuizungumze kama watu wazima. Jaribio kubwa la Uingereza, RATULS, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 likiwa na wagonjwa 770, lililinganisha mazoezi kwa roboti ya mezani, mazoezi ya ziada na mtaalamu, na huduma ya kawaida. Roboti haikuboresha utendaji wa mkono kuliko huduma ya kawaida. Mwaka mmoja kabla, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 45 na watu 1,619 yalikuta mazoezi ya mashine yanasaidia utendaji wa mkono na shughuli za kila siku, huku yakitahadharisha kwamba majaribio yenyewe yanatofautiana sana kwa muda, vifaa na aina ya wagonjwa. Nimesoma yote mawili kwa kamusi pembeni. Nilichoelewa ni kwamba roboti ikichukua tu nafasi ya mtaalamu kwa zoezi lile lile, haina maajabu. Tena mashine inayofanya kila kitu humfanya mgonjwa azembee, baba aliliona wiki ya pili, akasema, "Hii mashine ndiyo inafanya mazoezi, mimi naisindikiza."

Basi, kama faida ya kuvaa haiko kwenye zoezi la kiti na saa, iko wapi? Nadhani iko mezani kwa cherehani. Roboti ya mezani ya MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, haikuweza kumfuata mtu jikoni. Yenu inaweza. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kukifanya kifaa kivaliwe, na ndiyo mliyoikataza. Mkiniambia ushahidi bado, nami nitauliza mtaupataje ushahidi wa maisha ya kila siku ikiwa maisha ya kila siku hayakuidhinishwa.

Mtasema baba amepita muda wa kupona. Kwamba baada ya miezi sita mkono umekwisha kusema yake. Imani hiyo nimeisikia kwa watu wengi wenye makoti meupe. Mwaka 2019 kituo cha Queen Square, London, kilichapisha matokeo ya wagonjwa 224 waliopewa saa 90 za tiba ya mkono ndani ya wiki 3, wengi wao wakiwa na kiharusi cha zamani. Walipata nafuu ya kuonekana, na miezi sita baadaye walikuwa nayo bado. Hapo hapakuwa na roboti, ni watu na saa. Kinachokosekana mara nyingi ni hizo saa.

Mtasema ruzuku imeisha. Naamini. Ila tarehe ya kuisha kwa ruzuku mliijua kabla ya kutujua sisi.

Ninachoomba

Sitaomba mkono mpya. Naomba haya, na naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu leo.

Kwa mkurugenzi: washiriki waliomaliza, ambao wataalamu wao wa tiba wanaona bado wananufaika, wapewe kifaa kwa mkopo hadi jaribio lijalo, pamoja na ratiba ya kukaguliwa ngozi na bega. Kama vifaa havitoshi, wapokezane; wazee wetu wanajua kupanga foleni. Kama haiwezekani kabisa, semeni haiwezekani na mseme kwa nini, kwa sahihi ya mtu. Rekodi za baba apewe, kwa namna inayosomeka na mtaalamu wake.

Kwa toleo lijalo la kifaa, kuvaa kwa mkono mmoja kuwe sharti la kwanza la usanifu, kupimwe kwa saa, na dakika hizo ziandikwe kwenye ripoti sambamba na dakika za mazoezi. Mtu wa kuvalisha, kama bado anahitajika, atajwe, afundishwe, muda wake uhesabiwe katika gharama. Na kwenye meza ya usanifu wawepo watu wawili wenye kiharusi, si kwa kupigwa picha, wakilipwa kama mnavyowalipa washauri wengine. Baba hajaniomba nafasi hiyo. Ninamjua, ataikataa kwanza, halafu atauliza kikao ni saa ngapi.

Kwa wafadhili: msitoe fedha za jaribio ambalo halina fungu la mwezi wa baada ya jaribio. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kusaidia, na karibu bilioni moja hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni kama asilimia 3 tu. Mkono wa roboti unaogharimu kama gari hautaigusa namba hiyo. Ulizeni bei mapema, wakati mchoro ungali kwenye karatasi.

Kwa mwenyekiti wa kamati ya maadili: barua yangu ya tatu ijibiwe. Pia fomu ya ridhaa ya jaribio lijalo ieleze kwa lugha ya nyumbani kitakachotokea siku ya kwanza baada ya siku ya mwisho.

Nimalizie na jambo dogo la mali ya mradi. Vijana walipokuja na sanduku hawakuhesabu vizuri. Mkanda mmoja wa kifundo ulibaki nyuma ya mto wa kiti. Sitaki kuitwa mwizi, kwa hiyo natangaza kwamba ninao. Baba ameushona upya mahali palipomsugua, kwa mkono wa kushoto, na kuuwekea pete ya kuvutia. Njooni mnapotaka. Saa nne asubuhi huwa amekaa tayari.

Wenu,

Binti na mvalishaji wa mshiriki